Wasifu wa Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi

Mtahiniwa, ukiulizwa uwataje waliozuiliwa na serikali ya kikoloni nchini Kenya, bila shaka utaanza na wale sita wa Kapenguria. Kalamu itakimbia yenyewe. Lakini yuko mtu aliyefikishwa Lokitaung kabla yao, mwaka 1950, ambaye hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, miezi michache baada ya Jomo Kenyatta mwenyewe kuwa huru. Huyo ni Makhan Singh. Alikaa kizuizini miaka kumi na mmoja na ushei. Kosa lake kuu, ukilitazama kwa makini, lilikuwa kuwaambia wafanyakazi wa rangi zote waingie katika chama kimoja.

Soma wasifu huu mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Ukiurudia, ndipo uandike pembeni kila mwaka unaotajwa na kilichotokea mwaka huo. Wasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mtu mwingine, hivyo utaona nafsi ya tatu ikitumika tangu kuzaliwa hadi kufa. Ukiona nimeacha kusimulia na kukusemesha wewe, jua kwamba hapo anazungumza mwalimu, na katika insha yako usiige jambo hilo.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika jimbo la Punjab. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Leo liko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mwaka 1920 Sudh Singh alivuka bahari kuja Kenya kufanya kazi katika reli, akaiacha familia nyumbani. Makhan na mama yake walimfuata mwaka 1927, kijana akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alisoma jijini Nairobi katika shule ya serikali ya Wahindi, ile ambayo leo ni Shule ya Upili ya Jamhuri, na mwaka 1931 akapita mtihani wa London wa kumaliza masomo ya sekondari.

Tulia hapa kidogo. Kijana aliyepita mtihani huo zama hizo angeweza kutafuta kazi ya ukarani, avae tai, apokee mshahara mwisho wa mwezi. Masomo ya juu hayakuwezekana kwa sababu pesa hazikutosha. Baba yake alikuwa ameacha reli na kufungua matbaa, yaani kiwanda kidogo cha uchapaji, na Makhan akaingia kumsaidia. Kumbuka pia kwamba Sudh Singh alikuwa amewahi kushiriki katika kuunda chama cha mafundi wa reli mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hivyo mazungumzo ya mishahara na haki za mafundi hayakuwa mageni nyumbani kwao. Mtoto aliyakuta mezani.

Ili uelewe alichokifanya baadaye, lazima uelewe jinsi mshahara ulivyopangwa katika Kenya ya kikoloni. Watu wawili wangeweza kushika nyundo inayofanana, kwenye jengo lilelile, tangu asubuhi hadi jioni, na bado wakalipwa viwango tofauti kwa sababu ya rangi. Mzungu alikuwa juu. Mhindi alikuwa katikati. Mwafrika alikuwa chini kabisa, na zaidi ya hayo alilazimishwa kubeba kipande, hati iliyoonyesha alikotoka na mwajiri wake, ambayo bila hiyo askari angemtia mbaroni. Mpango huu ulimfaa mwajiri kwa njia mbili. Alipata kazi kwa bei nafuu, na vilevile alipata wafanyakazi wasioaminiana. Fundi Mhindi akidai nyongeza, aliambiwa kwamba yuko Mwafrika atakayeifanya kazi hiyo kwa nusu ya pesa. Mwafrika akidai, aliambiwa kwamba anayemzuia kupanda ni Mhindi. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, naye mwajiri akalala usingizi.

Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi waliunda chama chao cha wafanyakazi jijini Nairobi. Chama kilikuwa kinayumba, na wakamwomba Makhan Singh awe katibu. Alikubali, na mwaka 1935, kabla hajafikisha miaka ishirini na miwili, akawashawishi wanachama wabadilishe jina. Neno la kutaja Wahindi likaondolewa, na chama kikawa cha wafanyakazi wa Kenya, chenye milango wazi kwa watu wa rangi na dini zote. Miaka miwili baadaye kilipanuliwa kikawa cha Afrika Mashariki nzima.

Watahiniwa wengi hulipita jambo hili haraka kwa sababu linaonekana kuwa la jina tu. Usilipite. Neno moja lilipofutwa kwenye jina la chama, hoja ya mwajiri ya kumgonganisha Mhindi na Mwafrika ilianza kupoteza nguvu. Ni kweli, Waafrika hawakujiunga kwa wingi siku hiyohiyo. Ilichukua miaka. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu ambaye angeweza kuufunga na kubaki na wenzake.

Hapo ndipo matbaa ya baba ilipofaa. Chama kilichapisha karatasi za matangazo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na kuzigawa sehemu za kazi. Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi iwe ya saa nane, na baadhi ya waajiri wakakubali. Kisha mwezi Aprili 1937 mafundi wa ujenzi jijini Nairobi waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Mgomo ulidumu siku 62. Hebu fikiria miezi miwili bila mshahara, kodi ya nyumba inadaiwa, duka linakataa kukopesha, watoto wanataka kula. Waajiri waliamini kwamba njaa ingewarudisha mafundi kazini. Haikuwarudisha. Waajiri ndio waliokuja mezani, wakatoa nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, wakakubali saa nane, na wakawarejesha kazini waliogoma.

Serikali ilijibu mwaka huohuo kwa kutunga sheria ya kusajili vyama vya wafanyakazi. Sheria hiyo ina sura mbili na ni vyema uzikumbuke zote. Kwa upande mmoja ilikiri kwamba vyama vina haki ya kuwepo. Kwa upande mwingine ilimpa msajili uwezo wa kuamua chama kipi kiishi na kipi kife. Chama cha Makhan Singh kilisajiliwa. Tutaona kwamba chama alichokiunda baadaye hakikubahatika.

Kufikia Julai 1939 Waafrika walikuwa wameanza kuingia kwenye uongozi. Katika mkutano mkuu wa chama mwaka huo, Jesse Kariuki na George Ndegwa, waliokuwa viongozi wa Chama Kikuu cha Wakikuyu, yaani KCA, walichaguliwa katika kamati. Mwezi huohuo moto wa migomo uliwaka Mombasa, ukaendelea hadi Agosti. Vibarua na wafanyakazi wa bandari walilalamikia mishahara midogo na kodi za nyumba zilizopita uwezo wao. Serikali iliunda tume ya kuchunguza. Baadhi ya waajiri wakaanza kulipa marupurupu ya nyumba.

Mwishoni mwa 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na Waingereza hawakutaka kelele za wafanyakazi wala za uhuru. Mei 1940 alikamatwa, akazuiliwa bila kufikishwa mahakamani hadi mwanzoni mwa 1945. Alipotoka alifanya kazi katika gazeti la chama cha kikomunisti huko Lahore. Ndiyo, alikuwa mkomunisti, na hakuwahi kulificha hilo. Insha inayoliacha jambo hili kwa kuona aibu haitamweleza ipasavyo, kwa maana ndilo serikali ililotumia kama rungu dhidi yake.

Alirudi Kenya Agosti 1947. Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwezi Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 walikuwa wamegoma, bandari ikasimama, na kiongozi wao Chege Kibachia akapata umaarufu mkubwa. Mwezi uleule ambao Makhan Singh alishuka pwani, Kibachia alikamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Baringo. Makhan Singh naye alipokelewa kwa amri ya kumtaka aondoke nchini. Alikataa. Serikali ilimpeleka mahakamani zaidi ya mara moja, lakini haikufaulu kumfukuza. Kenya ilikuwa nyumbani kwake, na mahakama hazikuweza kusema vinginevyo.

Tarehe 1 Mei 1949, Sikukuu ya Wafanyakazi, vyama kadhaa viliungana na kuunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, kijana aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa usafiri, na katibu mkuu akawa Makhan Singh. Angalia majina hayo mawili yakiwa pamoja. Mmoja Mwafrika, mwingine Mhindi, mmoja juu ya kiti cha rais na mwingine akiandika barua na kumbukumbu za mikutano. Nimewahi kusahihisha insha ambayo ilisema kwamba Makhan Singh alikuwa Mhindi mwema aliyewasaidia Waafrika. Nilimnyima mwandishi alama ya hoja hiyo. Mtu anayesaidia husimama nje, akatoa, akaenda zake. Makhan Singh alikuwa ndani. Aliitwa katibu, akafanya kazi ya katibu, chini ya rais Mwafrika, wakati ambapo Mhindi kufanya hivyo lilikuwa jambo la kushangaza watu wa pande zote.

Serikali ilikataa kulisajili kongamano hilo. Ilipendelea vyama vidogovidogo, kila kazi na chama chake, vikijadili mishahara tu na kuiacha siasa. Kubai na Makhan Singh waliona kwamba mshahara na siasa haviwezi kutenganishwa, kwa sababu anayeamua mshahara ndiye huyo huyo anayeamua kipande, mahali pa kuishi na nani apige kura.

Mwaka 1950 mambo yalienda kasi, kwa hiyo fuata tarehe kwa uangalifu. Tarehe 30 Machi Nairobi ilipandishwa hadhi na kuwa jiji, na ndugu wa mfalme wa Uingereza akaja kukabidhi hati. Kongamano liliwahimiza wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Hoja yake ilikuwa wazi: walioujenga mji hawakuwa na nyumba za kulala, na wakulima wa kando walihofia kwamba jiji litakapopanuka litameza mashamba yao. Tarehe 23 Aprili, Wahindi na Waafrika walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni, mtaa wa wafanyakazi jijini Nairobi. Makhan Singh alisimama na kutoa pendekezo kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Katika mwaka 1950 wanasiasa wengi bado walikuwa wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Yeye hakuomba viti. Aliutaja uhuru wenyewe, hadharani, mbele ya makachero waliokuwa wakiandika kila neno.

Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa na kushtakiwa kwa kuwa viongozi wa chama kisichosajiliwa. Kesho yake, tarehe 16, Nairobi ilisimama. Wafanyakazi waliacha kazi viwandani, katika ofisi, mahotelini na majumbani. Walidai viongozi wao waachiliwe, Kibachia naye aachiliwe, kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100, na askari waache kuvamia nyumba za wafanyakazi usiku. Serikali ilituma magari ya deraya mitaani, ikarusha ndege angani na kuwatawanya watu kwa gesi ya kutoa machozi. Mgomo ulienda zaidi ya wiki moja na ukagusa miji mingine nje ya Nairobi. Hatimaye ulizimwa, na mamia ya watu wakakamatwa.

Baadaye Makhan Singh alipelekwa Nyeri kusikilizwa kesi ya pili, iliyomtaja kuwa mtu asiyefaa kuachwa huru nchini. Hapo angeweza kujitetea kwa maneno laini. Hakufanya hivyo. Alikiri mbele ya jaji kwamba yeye ni mkomunisti na kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala Kenya. Upande wa mashtaka haukuhitaji kutafuta ushahidi zaidi. Gavana aliamuru azuiliwe, na amri hiyo haikuwa na tarehe ya mwisho. Tofauti hii ndiyo inayowatatiza watahiniwa: mfungwa huhesabu siku zilizobaki, aliyezuiliwa hana cha kuhesabu.

Alianzia Lokitaung, mbali kaskazini, kwenye joto na vumbi la Turkana. Baadaye akahamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Nje, dunia iliendelea bila yeye. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kenyatta na wenzake walihukumiwa Kapenguria na kupelekwa Lokitaung ileile. Uongozi wa wafanyakazi uliangukia mikononi mwa watu wengine, hasa kijana Tom Mboya, aliyejenga shirikisho jipya la vyama kwa njia ya tahadhari zaidi. Mkewe, Satwant Kaur, aliwalea watoto bila baba nyumbani. Sioni haya kukiri kwamba sehemu hii hunisumbua kila ninapoifundisha. Mtoto aliyekuwa ananyonya alipochukuliwa baba yake angekuwa darasani, akijua kusoma na kuandika barua, kabla ya kumwona akirudi.

Aliachiliwa Oktoba 1961, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Alijiunga na KANU, akashangilia uhuru wa 1963 alioutaja miaka kumi na mitatu mapema pale Kaloleni. Ungetarajia apewe wadhifa, angalau katika wizara ya kazi. Hakupewa. Kenya huru ilikuwa imechagua urafiki na mataifa ya Magharibi, na mkomunisti, hata mwenye historia kama yake, alikuwa mgeni asiyetakiwa sebuleni. Mwaka 1965 serikali iliviweka vyama vyote chini ya shirikisho moja, COTU, nalo likafanya kazi karibu sana na serikali. Katibu wa zamani hakuitwa. Ukiulizwa utoe maoni yako kuhusu jambo hili, toa kwa ujasiri, mradi uyaunge mkono kwa ushahidi. Maoni yangu ni kwamba alitendewa visivyo.

Hakukaa akinung'unika. Alirudi kwenye karatasi, mahali alipoanzia. Alikuwa amehifadhi kumbukumbu za mikutano, barua na matangazo ya vyama tangu miaka ya 1930, na kutokana nazo akaandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi mwaka 1952, kilichochapishwa mwaka 1969. Bila kitabu hicho, mengi uliyosoma katika kurasa hizi yangepotea, maana wengi waliogoma hawakuandika chochote na wengi waliowavunja waliandika upande wao tu. Cha kushangaza ni kwamba katika kitabu hicho anajitaja kwa nafsi ya tatu, kana kwamba Makhan Singh ni mwanachama mwingine tu. Sehemu ya pili ya historia hiyo ilichapishwa akiwa amekwisha kufa.

Aliaga dunia jijini Nairobi tarehe 18 Mei 1973, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na tisa. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa chukua kalamu. Usirudie wasifu huu kwa maneno yangu; mtahini ataujua. Chagua tukio moja kati ya mgomo wa 1937, mkutano wa Kaloleni na kesi ya Nyeri, kisha uandike aya mbili ukionyesha mhusika alikuwa na njia gani nyingine ya kufuata siku hiyo, na ingemgharimu nini kuifuata. Tumia dakika kumi na tano, bila kurudi kurasa za nyuma kutafuta tarehe.